Neno Nililomnyima Mama Mkwe

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye huniuliza swali lile lile. Wenye haya huuliza, "Safari ilikuwaje?" Wasio na haya huuliza, "Mbona umerudi peke yako?" Nimeona niandike mara moja, karatasi hii izunguke kwenu, kwa sababu nikisimulia kwa mdomo najijua: kuna mahali nitaruka. Na kuruka ndiko kulikonifikisha hapa.

Kazi yangu mnaijua. Shule niliiachia darasa la saba. Ninayoyajua juu ya ukoma niliyatoa katika kitabu chakavu cha wauguzi, kilichokuwa kikitupwa, nikakisoma na kamusi pembeni hadi nikakihifadhi. Zahanati ikanichukua kuwa msaidizi. Mgonjwa mpya akija namkalisha, namweleza hizi dawa tatu zilizokuja mahali pa ile moja ya zamani, kisha najaza daftari. Mbele ya kila jina kuna kisanduku cha "Ameelezwa." Mimi kisanduku kitupu hunikosesha usingizi. Nisipoupenda mwandiko wangu huchana ukurasa mzima, nikaanza upya.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe. Mke wangu Sidi ndiye aliyeona baka jeupe mgongoni mwa mamake, Mekazungu, akamshawishi aje zahanati. Siku hiyo muuguzi hakuwapo. Ningeweza kusema, "Mama, rudi kesho." Sikusema, maana ningeonekana siwezi. Na kwetu mama mkwe ni mtu wa kupishwa njia. Humtazami usoni, huli mbele yake, na habari za mwili hazitajwi kati yenu hata kwa mafumbo. Kwa hiyo nilimweleza nikiwa nimeugeukia ukuta. Nilimwambia dawa ipi ya kila siku na ipi ya kumezwa zahanati mara moja kwa mwezi. Nilimwambia ngozi itapiga weusi, asishtuke. Ikabaki sentensi moja: kwamba ile ya mwezi hugeuza mkojo kuwa mwekundu kwa siku moja hivi, si damu, wala haina neno.

Ulimi ukagoma. Nikatia alama katika kisanduku.

Mwezi wa pili alikuja, akameza, akaondoka bila kusema kitu. Mwezi wa tatu hakuonekana. Alikuwa amekwenda kwa nduguye, huko vilima vya Chonyi ng'ambo ya Kilifi, na Sidi akamfuata asisafiri peke yake. Sidi alisema wiki moja. Ilipoingia wiki ya sita, mtu mmoja aliyetoka huko akaniletea salamu za Sidi, fupi: "Mama anasema dawa yenu inamnyonya damu. Hainywi tena."

Vidole viwili vya mkono wa kushoto wa mama vilikuwa vimeshaanza kufa ganzi. Dawa ikikatizwa mkono huenda, na ukishakwenda haurudi. Nikaomba ruhusa ya siku tano.

Malindi hadi Dabaso

Niliondoka kwa baiskeli ya kuazima. Mfuko wa dawa nilikuwa nimeufungua na kuufunga mara nne kuhakikisha. Mfukoni mwa shati nilikuwa na karatasi ya maneno nitakayomwambia Sidi, na nyingine ya maneno atakayonijibu. Msinicheke. Nyumba yenye mtu mmoja hufanya mtu aandike mazungumzo. Wiki sita nilikuwa nikipika sima ya watu wawili kwa mazoea, nyingine nikiila asubuhi imepoa.

Nilikadiria kupita Dabaso kabla ya jua kukaza. Mnyororo ukakatika karibu na Gede, nikaisukuma baiskeli hadi Dabaso, na fundi akaniambia kipande cha kuungia kitatoka Watamu.

"Kitafika saa ngapi?"

"Kikifika utakiona."

Karibu na fundi alikuwa mama mmoja wa Kibajuni, Bi Maryamu, akikaanga mahamri. Aliniona nazunguka baiskeli kama kuku aliyepotelewa na yai, akaniita nikae. Akanipa mahamri na mbaazi za nazi. Kwa kuwa mfuko nilikuwa nimeukumbatia, akataka kujua umebeba nini.

"Dawa, mama. Dawa ya ngozi."

Lahaula! Ningesema dhahabu ningepata utulivu zaidi. Wasichana wawili waliokuwa wakisukuma unga waliacha unga. Mmoja akafuta mikono kwenye leso, akaja karibu. "Kaka, ni ya kopo au ya sabuni? Ile ya sabuni hunichubua mashavu tu, shingo inabaki vile vile."

Nikawaambia siyo hiyo. Kwa haraka ya kutaka kusema kweli yote, nikaongeza kuwa hii yangu humtia mtu weusi.

Kisha Bi Maryamu akacheka hadi akashika kiuno. "Dawa ya kutia weusi! Mwanangu, umekosea soko. Shuka hapo Watamu, Wazungu wamelala mchangani tangu asubuhi wanautafuta huo weusi. Utarudi tajiri!"

"Na akirudi tajiri," akasema yule msichana, "aniletee sabuni yangu."

Nilieleza ni dawa ya ukoma. Nilitarajia watavuta vigoda vyao nyuma, kama nilivyozoea. Wasichana walivuta. Bi Maryamu hakuvuta, aliniongezea mbaazi. Aliniuliza ninampelekea nani, nami, sijui kwa nini, nikamwambia mtu nisiyemjua mambo ambayo sikuwa nimemwambia rafiki yangu hata mmoja. Nilimwambia kwamba mke wangu akicheka hufunika mdomo kwa kiganja, kwamba wiki sita sijakiona kiganja hicho, na kwamba kosa ni langu.

"Amekwenda na mamake," alisema. "Huyo hajakuacha. Akikuacha huenda na sanduku. Alichukua sanduku?"

"Alichukua mfuko mdogo."

"Basi kula."

Kipande kilifika alasiri sana, na jua lilikuwa limeshakwenda upande wa mikoko. Nililala kwa fundi, na siku yangu moja kati ya tano ikawa imeliwa.

Kibarani na feri

Kulipopambazuka baiskeli iliungwa, ikaenda kidogo, ikakatika tena. Dereva wa lori la korosho alinihurumia, akanipakia pamoja nayo juu ya magunia. Barabara ilipita kando ya msitu mrefu, na mimi juu nikajipa kazi ya kupanga upya sentensi zangu. Kila nilipofika pale pa "mkojo" niliona masikio yanachemka, ilhali juu ya magunia hapakuwa na wa kunisikia ila Mungu.

Kibarani nilimkuta Kazungu, kaka yake Sidi. Alinipokea kama mtu anayepokea barua ya mahakama. Hakuniambia niketi.

"Walikaa hapa siku tatu, wakavuka," alisema. "Mama alikuwa hali vizuri. Nilimuuliza kwenu amefanyiwa nini, hakusema. Wewe utasema?"

"Nitamwambia yeye kwanza, shemeji."

Alinitazama, kisha akaichukua ile baiskeli, akaiegemeza ukutani kwake. "Hiyo haitapanda vilima. Utaichukua ukirudi." Kwa Kazungu huo ulikuwa ukarimu mkubwa, na niliutambua.

Feri ya Kilifi ilikuwa imekwama upande wa pili, Mnarani. Tulisubiri tangu saa nne hadi saa nane, foleni ya magari ikarefuka hadi mtu akatandika mkeka chini ya lori, akalala. Nilinunua viazi vya karai, vikaniunguza ulimi, nikafurahi kuwa na sababu ya kutoongea. Mbele yangu mwanamume alikuwa akimmenyea mkewe chungwa. Alilimenya bila kukata ganda, utepe mmoja mrefu, mkewe akiushika chini usiguse mchanga. Niligeukia upande mwingine.

Feri ilipofika, nilimwona mzee ameketi peke yake kwenye benchi la watu wanne. Vidole vya mikono yote miwili vilikuwa vimejikunja, kama vimeshika kitu kisichoonekana. Watu walikuwa wamesimama, wamebanana, benchi lake likiwa tupu.

"Njoo ukae," aliniambia. "Mimi kila safari nina benchi langu. Mkubwa wa wilaya hana."

Nikamwamkia shikamoo, nikaketi. Aliniona nikitazama vidole vyake, nami sikuwa natazama kama wengine. Nilikuwa nahesabu viungo kama kitabu kinavyofundisha. "Wewe ni mtu wa dawa," alisema. Alisema amekunywa ile ya zamani miaka mingi, na sasa yuko kwenye hizi tatu.

Nikamuuliza siku ya kwanza ilikuwaje.

"Siku ya kwanza?" Akacheka. "Yule muuguzi ni umri wa mjukuu wangu. Msichana! Watu wamejaa barazani, yeye kapaza sauti: 'Babu, leo utakojoa mwekundu kama sharubati, usiogope!' Wote wakageuka. Nilimtukana, mwanangu. Nilimwambia hana adabu, hakulelewa. Nikaenda zangu nyumbani, nikakojoa." Feri ikanguruma. "Ulikuwa mwekundu kama alivyosema. Nikakumbuka maneno yake, nikacheka peke yangu chooni. Jioni nilimwombea dua. Asingeniambia, hizi dawa ningezitupa baharini pale pale."

Nilimsaidia kufunga kamba ya kapu lake tulipofika ng'ambo, kisha nikasimama Mnarani muda mrefu nikijifanya natafuta njia ambayo nilikuwa naijua.

Kupanda vilima

Kutoka barabara kuu nilikwenda kwa miguu. Njia inapanda kati ya minazi, na kila bonde lina watu wanaotaka kujua unakotoka, unakokwenda, na kwa nini hukula huko ulikotoka. Nyumba moja walinizuia hadi nikala sima na mtsunga, na giza likanilaza hapo. Uchungu wa mboga ile ulinikumbusha Sidi, ambaye huichemsha maji mara moja tu kwa makusudi, ili nilalamike. Nyumba ya pili waliponiona na mfuko walidhani nimekuja kuhesabu minazi yao, wakanionyesha michache.

Nilifika kwa Mjomba Kahindi, nduguye mama mkwe, siku ya tatu, saa za adhuhuri. Sidi alikuwa nyuma ya nyumba, juu ya mbuzi, akikuna nazi. Aliniona kabla sijapiga hodi. Hakuinuka, bali mkono ulisimama ndani ya kifuu.

"Umekonda," alisema.

"Wewe umenawiri."

"Kwa mjomba kuna nazi."

Zile karatasi zangu mbili za mazungumzo hazikuwa na neno hata moja kati ya hayo. Nilichuchumaa mbele yake, nikauliza hali ya mama. Akaniambia wiki iliyopita mama alishika sufuria jikoni, akaendelea kuongea, na ni mjomba aliyesikia harufu ya nyama kuungua. Ilikuwa kidole chake. Hakuhisi.

Nikamwambia yote, palepale, kwa sauti ya chini. Nilimwambia sentensi, ukuta na kisanduku. Nilipomaliza alisema, "Rudia." Nikarudia.

"Kwa hiyo si damu."

"Si damu. Ni rangi ya dawa tu."

Sidi aliweka kifuu chini polepole. "Karisa. Mama ni mkweo, nakubali. Kumtajia huwezi. Mimi je? Mimi nami ni mkweo?"

Nilikitazama kile kifuu, naye akaendelea.

"Siku ile ulirudi nyumbani, nikakuuliza, 'Mama umemweleza vizuri?' Ulinijibu nini?"

Alijua nilichojibu. Nilijibu, "Kila kitu." Nilisema nikiwa nimenyoosha shingo. Ningeweza kumwambia palepale, naye angemwambia mamake asubuhi yake wakichota maji, na yote haya yasingekuwapo. Heshima haikunizuia kwa Sidi. Kilichonizuia ni kwamba angejua kazi sikuimaliza. Hapo ndipo mahali ambapo nikisimulia kwa mdomo huwa naruka.

"Hutaki kukosea mbele ya watu," alisema. "Umekwenda kukosea mahali pasipo watu, na pale alikuwapo mama yangu."

Akaokota kifuu, akaendelea kukuna.

Nyuma ya ukuta wa makuti

Mama mkwe alikuwa chumbani. Mimi niliwekewa kigoda nje, mgongo kwa ukuta wa makuti, kama inavyopasa. Mjomba Kahindi aliketi mlangoni awe mjumbe: niseme kwake, yeye aseme kwa dada yake, jibu lirudi kwa njia hiyo hiyo. Mjomba ni mtu wa maneno mengi na alikuwa ameifurahia kazi hiyo.

Salamu zilikwenda na kurudi vizuri. Pole ya kidole ilikwenda na kurudi. Kisha nikamnong'oneza mjomba sentensi.

Akanitazama. "Hilo unataka nilirudie mimi?"

"Ndiyo, mjomba."

"Kwa dada yangu wa tumbo moja? Nimtajie mkojo wake?" Aliinuka na kigoda chake. "Wewe kijana umetumwa kunizika. Hilo sirudii hata kwa ng'ombe." Akaenda kusimama mbali, karibu na banda la mbuzi.

Nilimwita Sidi. Akajibu bila kugeuka, "Nakuna nazi."

Basi nikabaki mimi na ukuta. Nilisikia mama mkwe akikohoa upande wa pili, karibu sana, maana makuti ni membamba. Nilifumba macho. Nikasema kwa sauti ambayo mjomba pia aliisikia, na majirani labda: "Mama, ile dawa ya kila mwezi hugeuza mkojo kuwa mwekundu. Ni rangi ya dawa. Si damu. Nilijua tangu siku ya kwanza, na sikukuambia."

Mbuzi alilia. Sidi aliacha kukuna.

Kisha sauti ya mama mkwe ikaja, yenyewe, bila mjumbe. "Nilizika leso mbili, Karisa."

"Mama?"

"Niliziona zina wekundu, nikazizika nyuma ya nyumba. Mimi damu ya kike ilinikauka zamani. Mwanamke ikimrudia uzeeni amefanyiwa kitu. Leso moja ni ile uliyoniletea siku ya mahari. Nikawa nakaa nawaza, nani amenifanyia? Nikawataja moyoni mmoja mmoja. Majirani. Wake wenzangu wa zamani. Mpaka marehemu niliwataja. Wewe sikukutaja hata mara moja."

Nilitamani anitukane. Yule mzee wa feri alimtukana muuguzi wake, akaishia kumwombea dua. Mimi sikupewa hata tusi.

"Dawa nitaimeza," alisema mwishowe. "Mkono nautaka. Lakini sitaimeza kutoka kwako. Itafutwe zahanati ya huku chini. Na Sidi atakaa nami mpaka iishe. Mkojo ukiwa mwekundu auone yeye, aniambie ni dawa au si dawa. Yeye akiniambia kitu, huwa ni hicho."

Dawa hizi kwa ugonjwa wa namna yake haziishi kabla ya miaka miwili. Sidi alilijua hilo kama mimi. Nilimtazama, yeye akatazama nazi, kisha akaitikia kwa sauti kubwa ili mamake asikie, "Nitakaa, mama."

Jioni ile tulikula wali wa nazi, mimi na mjomba peke yetu. Sijui ulikuwa mtamu au la.

Zahanati ya bondeni

Siku ya nne tuliteremka wanne kwenda zahanati iliyo karibu na barabara, mimi nikiwa nyuma hatua nyingi ili nisimkaribie mama mkwe. Nawarukia mambo ya kuhamisha jina lake kutoka kwetu. Muuguzi wa pale alikuwa mwanamke mtu mzima, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Alimweleza Mekazungu yote, na lile neno alilisema mara mbili, mlango ukiwa wazi. Niliusikia mlio wa kikombe cha maji kikirudishwa mezani. Alikuwa amemeza.

Kisha muuguzi akasema wote wanaolala nyumba moja na mgonjwa lazima wapimwe ngozi. Mjomba akapimwa, akatoka akilalamika kwamba anatekenywa. Ilipofika zamu ya Sidi, alimwambia muuguzi, "Mume wangu anaijua kazi hii. Anipime yeye."

Muuguzi alinipa pamba, akatuachia chumba.

Kupima ni hivi: unavuta uzi mwembamba wa pamba, mtu anafumba macho, unamgusa hapa na pale kama inzi anayetua, naye anaonyesha kwa kidole alipoguswa. Pasipo na hisia ndipo penye shaka. Siku hiyo nilivuta pamba mara tatu kabla haijakaa sawa.

Sidi aliketi kwenye kigoda, akafumba macho. Nikamgusa mkono.

"Hapa," alisema, akaonyesha.

Kiwiko. "Hapa." Bega. "Hapa." Shavu, chini ya jicho. "Hapa." Nyuma ya shingo, penye kovu dogo la moto wa utotoni ambalo nilikuwa nimelisahau na mkono wangu haukulisahau. "Hapa."

Kila mahali alihisi. Nilipita orodha yote ya kitabuni, sikukuta baka wala ganzi, alikuwa mzima kabisa. Nje nilimsikia mjomba akiulizia kama tutachelewa, na lori la Mnarani likipiga honi. Nikarudi kwenye mkono, nikaanza tena kutoka kiganjani.

"Hapa," alisema Sidi. Kisha, macho bado kafumba: "Hapo ulishapima."

"Najua."

Hakufumbua macho. "Umemaliza?"

"Bado," nikamwambia.